Nyumba za Kabla ya Azimio

Matanurini ilianza na shimo. Mwaka 1963 Beda, fundi matofali kutoka Mwazye, alipata udongo mzuri kusini mwa mji wa Sumbawanga, mahali ambapo wakati huo palikuwa na nyasi na upepo tu. Alijenga kibanda kando ya shimo, akamleta mkewe Cornelia, wakaanza kufyatua na kuchoma. Matofali yakaenda mjini kujenga maduka. Watu wakaja kutoka vijijini kutafuta kazi ya tanuru, nao wakajenga. Kufikia mwaka 1974 Beda alikuwa amekufa kwa kifua, na nyumba zilikuwa thelathini na moja. Aliyejua nani alikuja lini alikuwa Cornelia peke yake.

Ndiyo maana Yunusu, balozi wa nyumba kumi, alimjia asubuhi na mapema, koti hajalifunga vifungo.

"Karani wa ardhi anakuja leo," alisema. "Nyumba zilizojengwa kabla ya Azimio la Arusha zitahesabiwa za mji. Za baadaye, wenyewe wanapelekwa kijiji kipya. Atakuuliza wewe. Nimemwambia wewe ndiye mwenyeji wa hapa."

"Nimwambie nini?"

"Zote ni za zamani."

"Zote, Balozi? Na akinitaka niweke dole gumba?"

Yunusu alitazama pembeni. "Wewe mwenyewe umesikia huko wanashushwa wapi. Kwenye nyasi, na vyungu vyao, na mvua hizo zinakuja."

Alipoondoka, Cornelia alishindwa kumaliza uji wake. Nyumba ishirini zilikuwa za zamani kweli, za kabla ya Azimio la mwaka 1967. Kumi na moja hazikuwa. Mojawapo ilikuwa ya Mwantum, mke wa Hamis dereva wa lori, aliyekuwa na mimba ya miezi minane. Nyingine, iliyopakana nayo, ilikuwa ya Kristiana, rafiki wa Cornelia mwenyewe, aliyelala naye kwenye mkeka mmoja siku zote za msiba wa Beda.

Karani alifika saa nne. Aliitwa Ambwene, kijana mpole kutoka Tukuyu, na daftari lake alilifunika kwa gazeti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Upole ule ulimtisha Cornelia kuliko ukali. Walipita mlango kwa mlango, Yunusu akifuata nyuma. Nyumba ishirini za kwanza zilikwenda vizuri. Cornelia alitaja mwaka, Ambwene akaandika, Cornelia akaweka dole gumba. Kisha wakafika kwa Mwantum, aliyekuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Hii?"

"Sitini na tano," Cornelia alisema.

Ambwene aliinua macho. "Bati hili mbona linang'aa?"

"Ilikuwa ya nyasi. Upepo uliiezua."

Ambwene akaandika polepole. Cornelia alibonyeza dole kwenye wino, akaliburuta kwenye karatasi, alama ikavurugika, ikawa kama doa. Ambwene aliitazama ile alama, akamtazama na yeye.

"Mama, mimi nitaulizwa," alisema kwa sauti ya chini. "Wakigundua moja si kweli, wanafuta zote. Hata yako."

Wakasogea nyumba iliyofuata. Kristiana alikuwa anapepeta ulezi uani. Aliweka ungo chini, akatabasamu.

"Na hii?" Ambwene aliuliza.

Cornelia aliona nyumba zote ishirini zikifutwa, na ya Beda ikiwa ya kwanza. Alisikia Yunusu akikohoa nyuma yake.

"Hiyo ni ya mwaka sabini," alisema.

Tabasamu la Kristiana halikuondoka mara moja. Lilikaa kidogo usoni, kama halijaambiwa. Kisha akaokota ungo, akaingia ndani.

Zile tisa zilizobaki Cornelia alizisema kweli, moja moja, bila kumtazama mtu.

Lori lilikuja baada ya siku sita, likachukua familia kumi. Watu walipakia milango na miti ya mapaa. Mwantum alijifungua salama wiki iliyofuata, na Hamis akaleta sukari kushukuru. Cornelia aliipokea, lakini hakuweza kuila.

Wiki ya tatu alijifunga kitenge, akatembea hadi kijiji kipya. Alimkuta Kristiana peke yake, anakandika ukuta wa fito, mikono imejaa tope hadi viwikoni.

"Umekuja kuniandika tena?" Kristiana aliuliza bila kugeuka.

"Nimekuja kuomba radhi. Niliogopa, mwenzangu."

"Hata mimi ningeogopa." Kristiana alibandika donge la udongo, akalisawazisha kwa kiganja. "Ila kama ni kudanganya mara moja tu, ningedanganya kwa ajili yako."

Kwa kuwa hakufukuzwa, Cornelia alivua kandambili, akapandisha kitenge, akaingia kwenye shimo la udongo akaanza kuukanyaga. Walifanya kazi mpaka jua likawa utosini. Upande mmoja wa ukuta ukaisha.

Alipoaga, Kristiana hakumsindikiza. Aliinama akinawa mikono, na bila kuinua kichwa akasema, "Upande wa pili nakandika Jumamosi."

"Nitakuja mapema," alisema Cornelia.

Kristiana akamwaga yale maji.