Mama Mdogo kwa Kiingereza

Fundi cherehani hakukalika tangu asubuhi. Alishona mkono wa blauzi ndani nje, akaufumua, akaushona vilevile tena. Leo Chiriku, mtoto wa marehemu dada yake, anapimwa Kiingereza, na asipojibu vizuri, darasa la kwanza atalisikia kwa wenzake.

Maneno walikuwa wameyatwanga mpaka mkasi wenyewe ukachoka kuitwa "scissors". Mlango, kiti, paka, kikubwa, kidogo: Chiriku aliyameza yote kama uji. Neno moja tu lilimkwama fundi mwenyewe. Jirani aliyesoma alimwambia kwamba mama mdogo ni "aunt", na shangazi naye ni "aunt" huyohuyo. Fundi alinuna siku nzima. Yeye na yule shangazi asiyejua hata mtoto anavaa kiatu namba ngapi, wapewe jina moja? Lakini akalifundisha, maana shule ni shule.

Kwenye chumba cha mtihani wazazi waliwekwa nyuma, marufuku kufungua mdomo. Fundi alikalia tako moja, akahamia la pili, akapangusa viganja kwenye gauni. Mwalimu alionyesha picha, Chiriku akajibu bila kumeza mate. Big ball. Small ball. Kisha mwalimu akamnyooshea fundi kidole, akauliza yule ni nani.

Chiriku, ambaye hanyamazi hata usingizini, akanyamaza. Sema, mwanangu, fundi aliomba kimoyomoyo, sema hilo neno lao twende zetu.

"Small mother," akasema Chiriku.

Mwalimu akamtazama fundi, ambaye kiti kilikuwa kimemtosha kwa shida, akajizuia kucheka. Akamwambia mtoto kwamba yule si "small" hata kidogo, afikiri tena.

Chiriku akamkagua fundi kuanzia utosini hadi kwenye kandambili, akaona mwalimu hakukosea. Basi akaling'oa neno la kwanza, akabakiza la pili.

"Mother."

Kalamu ya mwalimu ikasita juu ya karatasi. Aligeuka nyuma.

"Wewe ndiye mama yake?"

Fundi alijua akieleza, jibu la mtoto litakuwa kosa. Alijua pia kwamba hilo silo lililomzuia kueleza.

"Ndiyo," akasema. "Mimi ndiye mama yake."

Mwalimu akaweka alama ya vema. Tangu dada yake azikwe, fundi hakuwahi kujiita mama bila kuongeza "mdogo".