Fundi Cherehani Aliyezama Sakafuni

Fundi cherehani alikuwa anaunga kola ya shati la shule mguu wake ulipogoma kukanyaga. Aliinama akatazama. Ulikuwa umezama kwenye saruji hadi kifundoni, na mwenzake unaufuata. Kola akaimalizia kwa mkono.

Tangu amzike mwanawe wa kwanza alikuwa halali, hacheki, chakula kinamkaa kooni. Kwa hiyo mama mkwe aliporudi kutoka sokoni na kumkuta kapungua kimo, hakupiga kelele.

"Mwanangu, mbona umekuwa mfupi?"

"Nazama, mama."

"Basi usijitingishe. Nikuletee mto uegemee."

Mume alimwita mwashi. Mwashi akagongagonga sakafu, akasema saruji haina kasoro, labda mtu.

Jumapili akaja mchungaji na waumini. Walikuwa watu wema. Mmoja alianza kwa kumfulia nguo. "Ni imani tu iliyopungua, dada," mchungaji alisema kwa upole. "Amini kwa dhati, utainuka." Wakamwekea mikono kichwani wakaomba, na kadiri walivyokazana ndivyo alivyoshuka. Walipoaga, sakafu ilikuwa imemfika kiunoni.

Na kuamini aliamini. Aliomba hadi sauti ikamkauka, kisha akaona haya, akidhani hajaamini vya kutosha. Haya hiyo ikamshusha hadi kifuani.

Mama mkwe, ambaye hakuwahi kukosa ibada, ndiye aliyekwenda zahanati. Alirudi na muuguzi wa wagonjwa wa akili, mama mnene aliyelala kifudifudi sakafuni ili macho yao yalingane.

"Mtoto aliitwa nani?"

Tangu msibani hakuna aliyekuwa amemuuliza. Alipolitaja lile jina, alipanda kidogo, upana wa kidole. Muuguzi akamwachia vidonge, akawa anarudi kila wiki kumsikiliza. Kiangazi kilipoingia, fundi alikuwa amesimama juu ya sakafu, cherehani inakimbia. Kulia bado alilia, ila alilia akiwa wima.

Kanisani wakamwita atoe ushuhuda.

"Waambie maombi yalivyokuinua," mchungaji alisema, machozi yakimlengalenga kwa furaha ya kweli.

"Ni vidonge," fundi akasema, "na mtu aliyenisi—"

Kipaza sauti kikazimwa, taratibu, bila ubaya wowote, na kwaya ikapokea.

Waliimba bila kinanda. Mpiga kinanda alikuwa amezama hadi magotini na mikono haikufika tena. Mchungaji alipomwona alishuka madhabahuni, na waumini wakasogea, kila mmoja na mkono wake. Mama mkwe naye aliunyanyua wake kwa mazoea, akausitisha hewani, kisha akaurudisha kwenye mkoba.

Fundi alipenya katikati ya miguu yao, akaketi chini.

"Kaka, umepatwa na nini?"

Mpiga kinanda alifungua mdomo akamjibu. Alijibu kwa kirefu. Lakini juu yao maombi yalikuwa yameshapamba moto, na fundi hakusikia hata neno.