Impala ya Sitini na Nne

Kampuni ilimpa baba yangu, Omollo, mpaka tarehe thelathini awe ameondoka kwenye nyumba ya estate. Alikuwa fundi wa gereji yao, huku Kericho, kwa miaka thelathini na sita. Mashine za kuchuma chai zilikuja na mafundi wake, wazee wakapewa barua.

Baba hakulalamika. Alitaka jambo moja tu: arudi Homa Bay akiendesha Impala yake, gari la Kimarekani aliloachiwa na meneja wa zamani.

"Sitafika nyumbani juu ya lori, kati ya kuku na godoro," alisema. "Watu watasema Omollo amefukuzwa."

Gari lilikuwa juu ya mawe, limeinamia upande. Boljointi ya chini, kile kifundo cha chuma kinachoshika gurudumu na kuliacha ligeuke, ilikuwa imelika. Tulitafuta Sotik, Londiani, mpaka Nakuru. Muuza spea mmoja aliniuliza kama nahitaji na za ndege. Ndipo nikamwambia baba asihofu, ningeagiza Marekani kwa simu. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka huo, na bado niliamini kila tatizo lina fomu yake ya kujaza.

"Andika ya sitini na nne," alisema.

Nilifungua logbook, kadi ya gari. "Baba, hapa ni sitini na tano."

"Huo ni mwaka ilipata namba. Ilitengenezwa sitini na nne."

Nilitabasamu. Baba aliishia darasa la sita. Niliagiza ya sitini na tano, na sikumwambia.

Kifurushi kilifika baada ya wiki tano, siku tatu kabla ya kuhama. Duke, fundi wa Sotik, aliingia chini ya gari akaijaribu, akatoka akijifuta grisi.

"Hii si yake. Haiingii. Sitini na tano walibadilisha kila kitu huku chini. Madam Digrii, kwani uliwaambia gari gani?"

Baba aliokota boksi, akasoma mwaka ulioandikwa juu yake, akaliweka chini polepole. Hakuniangalia. Afadhali angenitukana.

"Kuagiza nyingine hakuna wakati," alisema. "Ile ya zamani, ichomelee."

Duke alidhani ni mzaha. "Mzee, si ni wewe ulinifukuza gereji kwa kuchomelea boljointi ya trekta?"

"Ni mimi. Chomelea."

Asubuhi ya tarehe thelathini lori lilipakiwa. Baba alivaa koti la kanisani, akawasha Impala. Nilifungua mlango wa abiria.

"Wewe panda lori," alisema.

"Kwa nini?"

"Panda lori, nyathina, mwanangu."

Hapo nikaelewa. "Ile boljointi itakatika kwenye mteremko wa Sondu, si ndiyo?"

Alishika usukani kwa mikono miwili. "Inaweza kufika."

"Basi nitafika nayo." Nikaketi, nikafunga mlango. "Ulinieleza, baba. Sikukusikiliza. Nisamehe."

"Shuka."

"Sishuki."

Injini ilinguruma muda mrefu. Majirani walikuwa wamesimama milangoni, wakingoja kumpungia mkono. Kisha baba alizima. Akatoka, akampelekea ufunguo Zack, mnunuzi wa vyuma vikuukuu aliyekuwa akizunguka estate wiki nzima.

"Utaikatia hapa?" baba aliuliza.

"Hapa hapa, mzee. Nitaibeba vipande."

"Anzia mbele. Nyuma kuna tangi la petroli."

Kwa dereva wa lori kulikuwa na kiti kimoja. Baba alinisukuma nikae hapo, yeye akapanda nyuma na vyombo. Hatukuwa tumefika getini grinda ya Zack ilipoanza kulia ikikata chuma. Niligeuka kumtafuta baba kupitia kidirisha cha nyuma. Alikuwa ameelekeza uso kwenye chai, kofia mkononi, na mtu mmoja kando ya barabara alikuwa akimpungia bila yeye kumwona.