Kila Aliyekimbia

Ratiba ya basi la shule ilikuwepo, imebandikwa ukutani penye geti, ina mhuri na saini. Tatizo ni kwamba basi lenyewe halikuwahi kuisoma. Leo lingerudisha watoto jua likiwa kali, kesho magharibi. Wazazi waliitwa kikao, wakapewa soda na maneno matamu, wakaambiwa dereva naye ana dharura zake. Kila aliyeinua mkono alijibiwa kuwa hoja yake imepokelewa. Ikapokelewa kweli, ikawekwa huko zinakowekwa hoja.

Ndipo wazazi wa barabara moja wakajitafutia mbinu yao. Mlinzi wa benki, ambaye lindo lake lilitazama njia panda, alipoliona basi linakata kona alimbipu mama mmoja dobi. Dobi alimbipu kinyozi, kisha akakimbia kituoni. Kinyozi naye alimbipu wa mbele yake. Hakuna aliyepokea. Simu ikilia mara moja na kukata, ujue mtoto yuko njiani.

Dobi huyo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Kidoti, kwa ajili ya bintiye mwenye alama nyeusi shavuni. Hata kituo chao, pale penye nguzo ya umeme iliyopinda, dereva alikiita "kwa Kidoti".

Mama huyo alishinda chumba cha nyuma cha duka la dobi, katikati ya mvuke na mashuka ya nyumba za wageni. Bipu ikiingia, alisimamisha pasi wima, akavua ndala akazishika mkononi, akatoka mbio. Mwenye duka, mama wa makamo asiyeweza kuacha mtu apite bila kumtania, alimpigia kelele kila siku.

"Haraka haraka haina baraka, wee!"

"Baraka yangu inashuka kwenye basi, bosi!"

Kidoti angekuwa ndiyo kwanza anashuka, na akimwona mama yake anavyotweta na ndala mkononi, hucheka mpaka begi linamteleza begani. Wakirudi, mtoto alifanya hesabu zake juu ya rundo la mashuka safi, na asubuhi yake wageni fulani walilalia mashuka yaliyojifunza kujumlisha.

Siku ile kulikuwa na joto. Dobi alivua aproni akaitundika msumarini, simu ikiwa mfukoni mwa aproni. Mashine ya kukaushia ilikuwa imeshiba mablanketi, inanguruma. Na basi, ambalo wiki nzima lilichelewa, likaamua siku hiyo kuwahi. Mlinzi alibipu, akabipu tena. Dobi alikuwa hatua chache tu kutoka msumarini, anakunja shuka, anaimba.

Alipoiona simu alikimbia peku, lakini kituoni hapakuwa na mtu. Kidoti alikuwa amesubiri akachoka, akaamua kumfuata mama yake mwenyewe, akakosea kona. Alipatikana giza likiingia, ameketi kwenye ngazi za duka lililofungwa, begi mapajani, wala halii.

Dobi na baba wa mtoto walikuwa wameachana, na baba huyo aliishi mji mwingine na mama yake mzazi. Alifika kesho yake. Hakuwa mtu mbaya.

"Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako," alisema, huku anakusanya nguo za mtoto.

Methali hiyo watu huitumia kutaniana. Yeye hakuwa anatania.

"Nitamrudisha nikiona mambo yamekaa sawa," akaongeza mlangoni. Mambo gani, hakusema.

Dobi hakumwambia mtu. Siku iliyofuata, bipu ikaingia kama kawaida, maana mlinzi atajuaje? Dobi akaitazama simu, akambipu kinyozi, halafu miguu ikatoka yenyewe. Alikimbia mpaka kwenye nguzo, akaliona basi linapita bila hata kupunguza mwendo. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Alijua anajidanganya. Lakini alijua pia kwamba siku atakayosema "nitoeni, sina mtoto wa kumpokea," mlinzi atamruka, simu itanyamaza, na yeye atabaki dobi tu. Mwenye duka aliacha kumtania. Hilo lilimuuma kuliko utani wenyewe.

Muhula ukiwa katikati, simu ililia mchana na haikukata. Alikuwa kinyozi.

"Mama Kidoti, mke wangu ameshikwa na uchungu, niko naye hospitali. Naomba unipokelee pacha. Nimeshamwambia dada wa basi awashushe hapo kwa Kidoti."

Dobi alikaa juu ya rundo la mashuka.

"Baba Pacha, tafuta mtu mwingine. Mimi wangu hayupo. Mimi ndiye niliyemwacha barabarani."

"Tunajua. Dada wa basi alitwambia wiki ile ile. Tukakubaliana mlinzi asikuruke."

"Na siku ile sikukubipu. Hata wako walishuka huna taarifa."

"Nakumbuka. Bahati nilikuwa nje namwaga maji." Nyuma yake muuguzi alikuwa anaita majina. "Dada yangu, ningetaka mtu asiyekosea ningewasiliana na malaika, na namba yao sina. Nakutaka wewe unayekimbia."

Mchana wote dobi aliishika simu mkononi, akipiga pasi kwa mkono mmoja mpaka mwenye duka akamnyang'anya kazi. Bipu ilipoingia, alifika kwenye nguzo basi likiwa bado mbali. Safari hii lilipunguza mwendo. Likasimama. Mlango ulipofunguka, macho ni majinga, yalikuwa yanamtafuta mwingine.

Walishuka pacha, wameshikana mikono.

"Kidoti alisema utakuja," alisema mmoja wao.

"Alisema lini, mwanangu?"

"Zamani. Alisema mama yake hukimbia kuliko mama wote. Tulikuwa tunakaa upande wa dirisha tukuone."

Aliwafikisha dukani akawaketisha juu ya mashuka, kisha akaenda nyuma ya mashine ya kukaushia akalia, akiacha mlango wazi ili awaone.

Wiki ile alitembea na sentensi moja kichwani. Jumapili ndiyo siku aliyoruhusiwa kuongea na mtoto, na baada ya mtoto angezungumza na baba. Angemwambia: watu wameniamini na watoto wao, sasa niamini na wewe, nirudishie mwanangu. Aliifanyia mazoezi akipiga pasi, mpaka akaikariri kama sala.

Jumapili ikafika.

"Shule vipi, mama yangu?"

"Nzuri. Huku basi halichelewi, mama. Kila siku linafika saa ile ile. Nikishuka namkuta bibi."

"Anakuja mbio?"

"Bibi hakimbii. Anakuwa ameshakaa kwenye kiti chake, ananisubiri."

"Vizuri, mwanangu," alisema dobi. Na ni kweli ilikuwa vizuri, na moyo wake ukapasuka hivyo hivyo.

"Mama."

"Bee."

"Siku ile, pale kwenye ngazi. Watu wengi walikuwa wanakimbia, mvua ilitaka kunyesha. Kila aliyekimbia, nilisimama."

Dobi aliuziba mdomo kwa kiganja. Alimwona: anasimama, anakaa, anasimama, begi mkononi, shavu lenye alama limegeuzwa upande wa barabara. Mpaka giza. Alimwambia anampenda, na mtoto akasema anajua. Akamwomba amwite baba yake, naye akampa simu.

"Anasema unataka kuongea na mimi," alisema baba.

Sentensi ilikuwepo, tayari kabisa.

"Hapana," alisema. "Msalimie bibi. Mwambie nashukuru. Mwambie asiache kuwahi."

Jumatatu, jua likiwa bado kali, bipu iliingia. Dobi alimbipu kinyozi, akasimamisha pasi wima, akavua ndala; pacha wangekuwa dirishani wanamtazamia. Mwenye duka alimsogezea kikapu kisimzuie njiani, wala hakumwuliza anakwenda wapi.