Nundu Nyekundu ya Felista

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, karatasi ya shabaha ya Felista Mkude ilikuwa na matundu matatu, na hakuna hata moja lililoingia ndani ya duara. Moja lilikuwa begani, moja pajani, na la tatu pembeni kabisa, mahali ambapo hata aliyechora umbo la mtu kwenye karatasi hakuweka wino. Risasi nyingine zilikuwa zimeishia kwenye tuta la udongo. Nyuma ya tuta ulisimama mlima wa Uluguru, nao haukuonyesha dalili yoyote ya kujeruhiwa.

"Mtani," Abuu alisema kutoka kwenye benchi, "mwache tu huyo mtu. Ulivyomzungushia risasi, atajisalimisha mwenyewe."

"Nyamaza. Mnyamwezi na shabaha wapi na wapi? Kazi yenu ilikuwa kubeba mizigo."

"Tulibeba, na tukapita hapa tukawakuta Waluguru mmejificha huko juu. Mngejua kulenga msingejificha."

Hakuna aliyekasirika. Kati ya Mluguru na Mnyamwezi utani ni haki ya kuzaliwa, na Abuu, aliyezaliwa Tabora akakulia Mwembesongo hapa mjini, hakuwahi kuiacha haki yake ishike kutu.

Wote wawili walikuwa walinzi wa kampuni moja ya ulinzi mjini. Saa nne angefika mkaguzi kutoka makao makuu kuwapima wanaotaka kuingia kikosi cha kusindikiza magari ya fedha. Anayefaulu hufanya kazi mchana, na jioni yuko kwake. Anayeanguka hurudi getini. Felista alikuwa na miaka sita ya kulinda geti la ghala usiku, na binti yake mdogo alishazoea kumwona mama akiwa usingizini. Katika mtihani huu alikwishaanguka mara mbili. Kanuni za kampuni hazikutoa nafasi ya nne.

Jambo la ajabu ni kwamba kwa karibu hakuwa na mpinzani. Karatasi ikiwekwa hatua chache mbele yake, alichomoa bastola na kupiga katikati ya duara kabla Abuu hajaishika sawasawa ya kwake. Ikisogezwa mbali ndipo mambo yalipoharibika.

Mwalimu wa shabaha, Shamimu, alikuwa mdogo kuliko Felista kwa miaka mingi. Alipaka kucha zake rangi nyekundu na hakuwahi kupandisha sauti.

"Dada Felista, ukilenga unaangalia nini?"

"Naangalia ninapopiga, afande. Sasa niangalie wapi tena?"

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Manati. Kwetu Mgeta nimekua nikilinda kabichi. Tumbili unamwangalia yeye, mkono unafuata. Hakuna anayeangalia manati."

"Na ukishaachia jiwe?"

"Unashusha manati haraka, unainua shingo uone alipoangukia. Usipomwona, bibi anasema hukumpiga."

"Na bibi alikuwa anasema kweli," Abuu alisema.

Shamimu aliichukua bastola tupu, akaielekeza kwenye tuta. Juu ya bastola, upande wa nyuma, kuna ufa mdogo. Mbele, mwisho wa mtutu, kuna nundu. Anayelenga huiweka nundu katikati ya ufa, kisha huipeleka kwenye shabaha.

"Hivyo ni vitu vitatu katika umbali wa aina tatu," alisema. "Jicho la binadamu haliwezi kuona vyote vitatu vizuri kwa wakati mmoja. Lazima uchague. Kwa karibu, angalia shabaha, mkono wako unajua njia. Kwa mbali, mkono ukikosea unene wa unywele hapa, kule umekosea kiganja kizima. Kwa hiyo kwa mbali unaangalia nundu. Shabaha iache iwe ukungu."

"Nipige kitu nisichokiona?"

"Unakiona. Hukioni vizuri tu."

"Mtani, mbona rahisi," Abuu alisema. "Si ndivyo ulivyochagua mume?"

Felista alijikuta anacheka, akarudi kwenye mstari, akapiga. Udongo ukaruka chini ya karatasi.

"Umeshusha mkono ili uchungulie," Shamimu alisema.

"Sijashusha, afande. Nilitulia kabisa."

Shamimu hakubishana. Alichukua magazini ya Felista, akampa mgongo, akaijaza upya. Kati ya risasi za kweli alipenyeza moja ya bandia, isiyo na baruti, na hakusema ameiweka wapi. Felista alipiga ya kwanza. Ya pili ikalia ko, kama kidole kinavyogonga meza, na hakuna kilichotoka. Lakini mtutu ulizama chini kama ndoo inayoingia kisimani, na shingo ya Felista ikanyooka juu yake, macho yakitafuta tundu ambalo lisingeweza kuwapo.

Abuu alinyoosha kidole kwenye tuta.

"Ameanguka upande wa kabichi," alisema.

Felista aliitazama mikono yake. Kwa mitihani miwili alikuwa ameilaumu bastola, upepo, na viatu vya kampuni.

"Nirudishie tena hiyo ya bandia," alisema.

Walirudia hadi mtutu ulipoacha kuzama. Tatizo lililobaki lilikuwa macho: kila mara yalitoroka nundu nyeusi na kukimbilia karatasi. Shamimu alitoa kwenye mfuko wake kichupa cha rangi ya kucha, akaweka tone moja juu ya nundu, akalipuliza likauka.

"Kumbe tunaenda harusini," Abuu alisema. "Mbona hamkusema, nikavaa vizuri?"

Saa nne na robo mkaguzi alifika. Aliitwa Wilfred, mtu mzima mwenye mvi, na alisalimiwa kwa shikamoo na kila mtu mpaka dereva wake mwenyewe. Alizikagua bastola moja moja. Kwenye ya Felista alisimama.

"Nani ameipaka hii rangi?"

"Mimi, afande," Shamimu alisema.

"Kanuni inaruhusu?"

"Inakataza kuongeza au kuondoa kifaa. Rangi haikutajwa."

Wilfred aliigeuza bastola kwenye mwanga. Alionekana kuipitia kanuni nzima kichwani, ukurasa kwa ukurasa.

"Endelea," alisema.

Sehemu ya karibu Felista aliimaliza kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Risasi zote tano zilikaa ndani ya duara. Kisha karatasi mpya ikapelekwa mbali. Ili afaulu, nne kati ya tano zilipaswa kuingia.

Alinyanyua bastola. Lile umbo la mtu lilikuwa pale, na macho yalitaka kwenda kwake. Aliyavuta nyuma. Tone jekundu likawa kali, kingo zake zikaonekana, hata alama ya brashi ya kichupa aliiona, na mtu wa karatasi akageuka doa la kijivu. Alipiga. Hakuchungulia. Alisubiri tone lirudi mahali pake, akapiga tena, na tena, mpaka risasi zikaisha na bastola ikabaki wazi. Hapo pia aliendelea kulitazama tone.

"Shusha," Wilfred alisema.

Waliikaribia karatasi pamoja. Matundu matatu yalikuwa ndani ya duara. Moja lilikuwa chini kabisa, nje. La tano lilikaa juu ya mstari wenyewe.

"Hilo liko nje," Abuu alisema. "Nasema kama mtani, msinisikilize."

Wilfred hakumsikiliza. Alivaa miwani, akainama. Alichomeka risasi isiyopigwa kwenye tundu, akaangalia kama ukingo wake wa ndani umefika kwenye mstari, akaitoa. Felista alikuwa ameshika mkanda wake kwa mikono miwili.

"Limegusa mstari," Wilfred alisema. "Likigusa linahesabiwa."

Saa tano kasoro dakika kumi alisaini kwenye kona ya karatasi, akaandika neno "msindikizaji" mbele ya jina la Felista Mkude, akaita anayefuata. Abuu akainuka kwenye benchi.