Kaputi ya Swedi

Mbaraka alikuwa mkalimani wa boma dogo la Wajerumani pale Rumonge, na Kijerumani chake alikiokota jikoni, alipokuwa akimpikia Mzungu mmoja Usumbura. Maneno aliyokuwa nayo hayakufika mia. Lakini Rumonge nzima hakuna mwingine aliyekuwa na hata kumi, kwa hiyo alivaa tarbushi nyekundu na kutembea taratibu.

Neno alilolisikia kuliko yote lilikuwa kaputi. Kikombe kilipoanguka sakafuni, sajini wa boma, Mjerumani, alisema kaputi. Punda wa mizigo alipolala njiani asiamke, kaputi. Mto ulipobeba daraja, kaputi. Mbaraka akaona maana ni moja tu: kitu kimekufa, hakirudi.

Mwaka huo Swedi seremala alipelekwa Usumbura kuezeka ghala. Mkewe, Zena, alibaki akikamua mawese. Mwezi wa pili ikaja barua. Sajini akaisoma, akatikisa kichwa.

"Swedi kaputi," akasema, akafungua barua nyingine.

Mbaraka akaenda moja kwa moja kwa Zena, akavua tarbushi mlangoni.

"Dada yangu, Swedi hatunaye tena."

Zena akakaa chini palepale, mikono imejaa mafuta. Kisha akauliza, "Amekufa na nini?"

Mbaraka hakujua. Lakini kwake mkalimani kusema sijui ni kama kuvua nguo sokoni.

"Homa," akasema.

"Amezikwa na Waislamu?"

"Waislamu watupu. Safu tatu nzima."

"Hakusema neno?"

"Alikutaja wewe."

Zena akalia. Mbaraka naye akalia kweli, maana alikwisha kuyaamini maneno yake mwenyewe.

Hitima ikasomwa. Feruzi, kaka yake Swedi, akaja kutoka Gatete akachukua msumeno na randa, urithi wake. Kanzu ya Swedi ya sikukuu ya Idi ikatolewa sadaka. Zena akavaa nguo nyeupe, akaingia eda.

Siku ya arobaini na moja, asubuhi, mtumbwi uliotoka Magara ulimshusha mtu mwembamba mwenye gongo. Wanawake waliokuwa wakianika ndagala ufukoni walimtazama mara moja, wakakimbia na kuwaachia kunguru samaki wao. Yule mtu hakuelewa. Akajikokota mpaka kwake.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi."

"Sipokei wanaume. Niko ndani ya eda."

Nje gongo likagota chini.

"Eda ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Mume gani huyo?" Swedi akafoka. "Miezi mitatu tu nimetoka, umekwisha kuolewa, na mume amekwisha kufa?"

Zena akasimama. Mzuka hauna wivu namna hiyo. Akafungua mlango, akamshika uso, masikio, mabega, mpaka akafika kwenye mguu uliopinda. Swedi alikuwa ameanguka kutoka juu ya ghala.

Majirani wakamwita Mbaraka. Alipomwona marehemu amekaa mkekani anakunywa uji, akageuka akarudi bomani, na kwa mara ya kwanza akamwuliza sajini maana ya neno lile.

Sajini akacheka mpaka akakohoa. "Mguu iko vunjika, kaputi. Saa iko simama, kaputi. Mutu iko choka, kaputi. Mimi leo, joto hii? Kaputi kabisa!"

Mbaraka akarudi kichwa chini. "Neno lina maana nyingi," akawaambia. "Mimi nilikuwa nayo moja."

"Na zile safu tatu," Zena akauliza, "zilitoka kwenye neno gani?"

Mbaraka akaifuta vumbi tarbushi yake. Hakufukuzwa kazi, kwani nani mwingine angetafsiri? Ila tangu siku ile kila alipoleta habari, wanawake walimwambia, "Rudi kwanza ukaulize."

Feruzi aliurudisha msumeno baada ya kubembelezwa wiki nzima. Randa akasema imepotea. Kanzu ilionekana kila Ijumaa msikitini, safu ya mbele, mwilini mwa mtu mwingine.

Siku moja Swedi akamwambia mkewe, kwa sauti ya upole, "Nimesikia siku ya hitima ulisema umenisamehe yote. Hata yale ya kule kijijini Kizuka."

"Nilisema."

"Basi yamekwisha."

Zena akampakulia ugali, akausogeza mbele yake.

"Nilimsamehe marehemu," akasema. "Wewe kula, kisha unieleze hayo ya Kizuka."