Pumzi ya Tatu ya Mzee Shekiondo

Usiku wa kuamkia leo niliota mashine ya kupima pumzi imeniita ofisini kwake. Kwa kawaida mimi ndiye ninayeishika. Mimi ni msaidizi katika utafiti wa mapafu ya wafanyakazi wa katani, na kazi yangu ni kuwaambia watu wavute, wapulize, waendelee, waendelee. Sasa imekaa kitini, imevaa miwani yangu.

Ikaniambia nifunge mlango, kisha ikasoma kanuni ninayoijua hata nikiwa usingizini: kila mtu apulize mara tatu, na pumzi zake zifanane.

"Waingie," ikasema.

Wakaingia pumzi watatu wa Mzee Shekiondo, wakaketi kwenye benchi. Wawili walikuwa wembamba, wana vumbi jeupe hadi kwenye kope. Wa tatu alikuwa mnene, ananukia chai ya tangawizi. Nilimtambua mara moja, na aibu ikanishika.

Ilikuwa Alhamisi kazini, foleni imefika getini. Mzee Shekiondo alipuliza mara mbili, ya tatu ikamshinda. Nilimhurumia, ingawa kusema kweli nilijihurumia zaidi mwenyewe. Hiyo ya tatu nikampulizia mimi. Majibu hufuata pumzi kubwa kuliko zote, yakatoka kwamba ni mzima.

"Huyu hafanani na nduguze," mashine ikasema.

"Mimi nililetwa tu," akajibu yule mnene. "Nataka kurudi nyumbani."

Nageuka kutafuta mlango, na chumba kimekuwa kiwanda. Mitambo ya brashi inazunguka, vumbi la katani limetanda, na Mzee Shekiondo anabeba mafungu ya nyuzi. Kila hatua mbili anasimama. Namuuliza kwa nini amerudi humu, wakati daktari wa utafiti wetu alisema mgonjwa yeyote ahamishiwe kazi ya bustanini.

"Msimamizi ameisoma karatasi yako, mwanangu," anasema bila kinyongo. "Inasema mzima. Mimi ni nani nibishane na karatasi?"

Heri angenitukana.

Mashine, ambayo sasa imekaa juu ya robota la katani, inaniambia nichague. Pumzi wangu akibaki kwenye fomu, mzee atabaki humu. Akirudi kwangu, mzee atakuwa mgonjwa kwa maandishi, na mimi mwongo kwa maandishi. Nikakumbuka kwamba sina kazi nyingine. Nikamtazama yule mnene, naye akaanza kukohoa kama wenzake.

Nikafungua mdomo. Akaingia na viatu vyake.

Niliamka nikikohoa. Fomu ya Mzee Shekiondo ilikuwa mkobani, pale pale nilipoiacha. Mistari miwili ya juu ilikuwa na namba nilizoandika kwa wino. Wa tatu, niliokuwa nimeujaza pia, sasa ulikuwa mtupu, na juu yake umelala uzi mmoja wa katani.

Sikuuondoa. Nikaandika pembeni yake: "Alishindwa. Nilimpulizia mimi." Nikatia sahihi, nikaenda kumtafuta daktari kabla sijanywa chai.